Sura ya Sita: Vita Havikutangazwa, Nani Avisimamishe?

Ukivuka mto asubuhi hapa Kindu, kutoka Alunguli kwenda Kasuku, ndani ya mtumbwi hukosi kusikia mazungumzo haya. Sabuni imepanda bei. Ndege za Goma zilizokuwa zikituletea bidhaa haziji tangu Januari 2025. Mtoto wa dada yuko mbele, na simu yake haiiti. Kisha mama mmoja aliyebeba mchele anauliza: "Lakini si tuna wabunge? Si tuliwapigia kura? Mbona hawasimamishi vita?" Papa aliyeketi nyuma karibu na mota anamjibu kabla hajamaliza: "Mama, mbunge atafanya nini? Vita ni vya rais." Mtumbwi unagota ufukweni, watu wanalipa, kila mtu anashika njia yake.

Nimelisikia jibu hilo kwenye mtumbwi, sokoni, msikitini baada ya sala, na kwenye uwanja wa chuo kikuu. Limekuwa kama methali. Linasemwa bila kufikiriwa, na anayelisema hujiona amemaliza maneno. Mimi naona limebeba nusu ya ukweli tu. Ni kweli kwamba kuanza vita, au kujikuta ndani ya vita, ni jambo la rais zaidi kuliko la mtu mwingine yeyote. Lakini vita vinavyokula mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, haviendeshwi na mtu mmoja. Vinaendelea kwa sheria zinazopigiwa kura, kwa fedha zinazoidhinishwa, kwa maazimio yanayopitishwa kwa makofi, na kwa maswali yasiyoulizwa. Hayo yote hutendeka bungeni, na waliomo humo wana majina, na baadhi yao wametoka hapa kwetu Maniema.

Kabla sijaendelea, naomba nieleweke. Sisemi nchi ikishambuliwa ikunje mikono. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja Azimio nambari 2773, likiitaka Rwanda iache kuliunga mkono kundi la waasi la M23 na iondoe askari wake Kongo. Dunia nzima ilisoma. Watu wa Kindu ninaowajua hawaombei ushindi wa M23. Walichochoka nacho ni vita visivyo na tarehe, visivyo na hesabu, vinavyoelezwa kwa hotuba na kulipiwa kwa watoto wao. Mtu anaweza kutaka nchi yake ilindwe, na papo hapo akadai kujua nani anaamua na mpaka lini.

Nahodha na sanduku la mafuta

Tuwekane sawa juu ya maneno mawili. Wanaotenda, yaani wanaoamuru jeshi, kuteua magavana na kutumia fedha, tunawaita watendaji. Kongo watendaji wana vichwa viwili: Rais wa Jamhuri, na Serikali inayoongozwa na Waziri Mkuu. Wanaotunga sheria, kupitisha bajeti na kuikagua Serikali ni Bunge. Nalo lina mabaraza mawili: Bunge la Taifa lenye viti 500, na Seneti, ambayo maseneta wake huchaguliwa na wabunge wa majimbo.

Sasa wafikirie wavuvi wa hapa mtoni walionunua mtumbwi wa mota kwa pamoja. Wamemchagua nahodha. Yeye ndiye anayeshika usukani, na wimbi likija hamwiti mtu mkutanoni, anakata kona mwenyewe. Hiyo ni haki yake, na bila hivyo wote watazama. Lakini mafuta yako kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo wanao wanachama. Nahodha akitaka kwenda mbali, sharti sanduku lifunguliwe. Akienda safari moja mbaya, lawama ni yake. Wanachama wakimfungulia sanduku kila wiki mbili kwa miaka minne bila kumuuliza anakwenda wapi, je, bado lawama ni yake peke yake? Shikilia mfano huu, tutaurudia.

Katiba inasemaje

Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, baada ya kura ya maoni ya Desemba 2005. Juu ya vita imegawa kazi hivi:

- Rais ni amiri jeshi mkuu (kifungu cha 83).
- Kutangaza vita: Rais hutangaza baada ya uamuzi wa Baraza la Mawaziri, ushauri wa Baraza Kuu la Ulinzi, na idhini ya Bunge la Taifa na Seneti (vifungu vya 86 na 143).
- Hali ya dharura: Rais huitangaza baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wawili. Hudumu siku 30. Baada ya hapo inakufa yenyewe, isipokuwa mabaraza mawili yakubali kuiongeza siku 15, kisha 15 nyingine, na kuendelea hivyo. Na Bunge linaweza kuifuta wakati wowote kwa sheria (kifungu cha 144).
- Mkataba wa amani hauwezi kuthibitishwa bila sheria ya Bunge (kifungu cha 214).

Kisome polepole kifungu cha 143. Waandishi wake hawakutaka mtu mmoja aamke asubuhi na kuiingiza nchi vitani. Waliweka milango mitatu kabla ya ule wa nne, ambao ni wa Rais.

Lakini tangu 2006, milango hiyo haijawahi kupitwa na yeyote. Hakuna rais aliyeomba idhini ya kutangaza vita. Tarehe 18 Desemba 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi, Rais Félix Tshisekedi aliwaambia wafuasi wake Kinshasa kwamba akichaguliwa tena na Rwanda ikaendelea, ataliomba Bunge limruhusu kutangaza vita. Alichaguliwa tena. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Ombi hilo halikupelekwa bungeni.

Wapo watakaosema: afadhali, maana tangazo la vita lingeuwasha moto mkubwa zaidi. Huenda. Lakini angalia kilichopotea pamoja na tangazo. Vita vilivyotangazwa vina siku ambayo wabunge walisimama wakasema ndiyo au hapana, na majina yao yakaandikwa. Vita visivyotangazwa havina siku hiyo. Na kitu ambacho hakikuanzishwa kwa kura ni kigumu kukimaliza kwa kura, kwa sababu hakuna mwenye kujua afute nini. Ndiyo maana jibu la papa wa kwenye mtumbwi linaonekana kweli. Vita vyetu viliingia kwa mlango wa nyuma, na wabunge wanaweza kusema hawakuviona vikiingia.

Kindu ilipokuwa haina wa kumuuliza

Wazee wa mji huu wanakumbuka wakati ambapo hata mlango wenyewe haukuwapo. Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila alipoingia madarakani, alitia saini amri iliyompa yeye madaraka ya kutenda na ya kutunga sheria pia. Bunge lilikuwa limekufa pamoja na utawala wa Mobutu. Agosti 1998 uasi wa RCD ulipozuka, ukisaidiwa na Rwanda na Uganda, Rais aliita Angola, Zimbabwe na Namibia zije kumsaidia, wala hapakuwa na ukumbi ambamo Mkongomani yeyote aliyechaguliwa angeweza kuuliza kwa masharti gani.

Kindu ilikuwa ngome ya mbele ya jeshi la serikali. Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege ya abiria ilidunguliwa karibu na mji. Watu 41 waliokuwamo walikufa. Waasi walisema ilibeba askari, serikali ikasema ni raia. Siku mbili baadaye mji ukaanguka. Tuliishi chini ya RCD mpaka 2003. Treni ya kutoka kusini haikufika kwa miaka. Wanamgambo wa Mai-Mai walikuwa porini, na mama aliyekwenda shambani aliaga kama anayesafiri. Wanajeshi wa Rwanda walipoondoka Kindu Septemba 2002, waliondoka kwa sababu marais wa Kongo na Rwanda walikuwa wametia saini makubaliano Pretoria mwezi Julai. Hakuna mwakilishi wa Maniema aliyepiga kura juu ya kuja kwao, wala juu ya kuondoka kwao.

Nayasema haya kwa vijana waliozaliwa baada ya hapo na wanaoniambia kwamba Bunge halina maana, afadhali lifungwe. Tumeshakaa bila Bunge wakati wa vita. Tunajua ladha yake.

Spika aliyeuliza

Kisa cha 2009 ndicho kinachofundisha zaidi kuliko vyote, na sijui kwa nini hakisimuliwi shuleni.

Januari 2009 wanajeshi wa Rwanda waliingia Kivu Kaskazini, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, ili kuwasaka wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda. Operesheni iliitwa Umoja Wetu. Makubaliano yenyewe yalifanywa na watu wachache sana. Vital Kamerhe, spika wa Bunge la Taifa na mtu wa chama kilekile cha Rais Joseph Kabila, alisema hadharani kupitia Radio Okapi kwamba hakuarifiwa, na kwamba kama ni kweli askari hao wameingia, jambo hilo ni zito.

Hakusema operesheni ni mbaya. Hakudai isimamishwe. Alisema Bunge halikuambiwa. Kwa hilo tu chama chake kilimgeuka, shinikizo likaanza, na tarehe 25 Machi 2009 alijiuzulu uspika.

Watu hukitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba Bunge halina nguvu. Mimi nakisoma kwa upande wa pili. Swali moja la spika, lililoulizwa redioni, liliwatisha watendaji kiasi cha kuona hawawezi kukaa naye. Kitu kisicho na nguvu hakitishi. Kilichomwangusha Kamerhe hakikuwa kifungu cha Katiba, kwani Katiba ilikuwa upande wake. Aliangushwa na wabunge wenzake waliochagua chama badala ya kiti chao. Na tangu siku hiyo kila spika anajua bei ya swali lile. Novemba 2021, Serikali ilipoiruhusu Uganda kuingiza jeshi lake Ituri na Kivu Kaskazini kupambana na waasi wa ADF, walikuwapo wabunge walionung'unika kwamba hawakuarifiwa. Safari hii manung'uniko yaliishia kuwa manung'uniko.

Kwa kifupi mpaka hapa: Katiba inalipa Bunge mlango wa kuingilia vitani, watendaji wamezoea kuuzunguka mlango huo, na wabunge wameona mwenzao mmoja akilipia kuuliza.

Siku kumi na tano, kisha kumi na tano

Mpaka hapa mbunge anaweza kujitetea: mimi sikuulizwa. Sasa tuje mahali ambapo aliulizwa, tena akaulizwa, na akajibu.

Tarehe 3 Mei 2021 Rais Tshisekedi alitangaza katika Ituri na Kivu Kaskazini kile ambacho redio na watu wote hukiita kwa Kifaransa état de siège. Kwa Kiswahili tuseme utawala wa dharura wa kijeshi. Magavana wa kiraia waliondolewa wakaja majenerali, mabunge ya majimbo hayo mawili yakasimama, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Ulianza kazi tarehe 6 Mei, kwa siku 30, kama Katiba inavyosema. Wengi waliushangilia, Beni hasa, ambako watu walikuwa wakichinjwa kila wiki. Siwalaumu. Ningekuwa Beni ningeshangilia.

Siku 30 ziliisha. Serikali ikaja bungeni na muswada wa kuongeza siku 15. Bunge la Taifa likapitisha, Seneti ikapitisha. Wiki mbili baadaye muswada ukarudi. Fanya hesabu mwenyewe: mwaka mmoja una vipindi 24 vya siku 15. Toka Mei 2021 mpaka Mei 2025 ni miaka minne. Hiyo ni zaidi ya mara 90 ambazo utawala huu ungekufa wenyewe kama hakuna mtu angefanya kitu chochote. Kuuzuia kulitaka jambo jepesi kuliko yote duniani: kutopiga kura. Badala yake sanduku la mafuta lilifunguliwa kila mara.

Na kuna la ajabu zaidi. Bunge hukutana vikao viwili kwa mwaka, Machi 15 hadi Juni 15, na Septemba 15 hadi Desemba 15. Likikaribia likizo, hupitisha sheria inayoiruhusu Serikali iongeze yenyewe siku hizo wakati wabunge hawapo. Yaani wanachama wa mtumbwi wanakwenda kupumzika na ufunguo wanamwachia nahodha mkononi. Walioandika siku 15 walikusudia kwamba kila wiki mbili mtu asimame aulize: je, hili linafanya kazi? Swali limegeuzwa muhuri.

Ni kweli wapo waliouliza. Mwaka 2021 Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Bunge la Taifa iliwaita mawaziri, ikawasikiliza, na ripoti yake ilikosoa vikali namna mpango ulivyoandaliwa. Wabunge kadhaa wa Ituri na Kivu Kaskazini walifika hadi kususia kura. Agosti 2023 Rais aliitisha meza ya mazungumzo Kinshasa, ambako wengi wa waliotoka majimbo hayo walitaka utawala huo uondolewe. Oktoba akatangaza kuulegeza hatua kwa hatua. Kura za siku 15 ziliendelea. Na kijeshi? Mji wa Bunagana ulianguka Juni 2022. Goma yenyewe, makao ya gavana wa kijeshi, ilianguka ikiwa bado chini ya utawala wa dharura uliowekwa ili kuilinda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kila nikilifikiria linanikaba koo. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru, huko Kivu Kaskazini, kwa sababu ya vita hivyohivyo. Kwa hiyo wilaya mbili zilizoumia kuliko karibu zote hazikuchagua mtu wa kukaa katika Bunge linaloamua juu yao kila wiki mbili. Wanaopiga kura ni wa kutoka kwingine: Bandundu, Kasai, Kinshasa. Na Maniema.

Mlango ambao Bunge liliufunga lenyewe

Tunapenda kufikiri kwamba watendaji ndio wanaotaka vita na wabunge ndio wanaotaka amani, ila wanazuiwa. Historia yetu ya karibuni haisemi hivyo.

Novemba 2022, M23 wakisonga mbele Rutshuru, Bunge la Taifa lilipitisha msimamo wa kuitaka Serikali isizungumze na M23 wala isiwaingize wapiganaji wao jeshini. Ukumbi ulishangilia. Naelewa hasira ile, na juu ya kuwaingiza waasi jeshini naikubali kabisa: tumeshaona kwamba anayeingizwa leo huasi kesho na cheo kikubwa zaidi. Ila kufunga mlango wa mazungumzo ni uamuzi juu ya urefu wa vita. Ukisema hatutazungumza, umesema tutapigana mpaka mmoja ashindwe. Aliyesema hivyo hakuwa Rais peke yake. Ni wawakilishi wetu.

Na mlango ulifunguliwa na nani? Na watendaji. Mwaka 2025 Serikali ilikaa na M23 Doha, na Julai 19 pande mbili zikatia saini tamko la kanuni. Kabla ya hapo, Juni 27, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner alikuwa ametia saini mkataba na mwenzake wa Rwanda huko Washington. Sikuona Bunge likisimama kwanza kufuta msimamo wake wa 2022 na kueleza kwa nini. Lilifunga kwa kelele, likaacha wengine wafungue kimya. Kati ya Novemba 2022 na 2025, hesabu mwenyewe vijiji, au waulize waliokimbilia kwetu wakitembea.

Sheria nyingine nazo zina saini ya Bunge. Mwaka 2022 lilipitisha sheria ya kupanga matumizi ya jeshi kwa miaka kadhaa. Mei 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba, iliyowapa vijana wenye silaha, hao tunaowaita Wazalendo, nafasi ya kutambuliwa na dola. Kila mzazi wa Kasongo na Kabambare, hapa Maniema, anajua uzito wa sheria hiyo. Huko kijana na bunduki ni habari ya kila siku toka zamani. Juni 2025 bajeti ilirekebishwa ili fedha nyingi zaidi ziende usalama. Sisemi sheria hizi zote zilikuwa mbaya. Askari asiyelipwa ni balaa kwa raia kabla ya kuwa balaa kwa adui. Nasema hazikuandikwa na Rais usiku peke yake.

Anayeamuru hajibu, anayejibu haamuru

Sasa nimpe papa wa mtumbwini haki yake, kwa kuwa ipo kasoro ya kweli katika mtambo wetu.

Bunge la Taifa lina silaha zake. Linaweza kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi, kumwita ahojiwe, kuunda tume ya uchunguzi. Linaweza kumwondoa waziri mmoja kwa hoja ya kutokuwa na imani naye, au Serikali nzima. Lakini silaha zote hizo zinamfikia Waziri Mkuu na mawaziri. Hazimfikii Rais. Yeye hawezi kuitwa bungeni kuhojiwa. Kumfikisha mbele ya Mahakama ya Katiba kwahitaji theluthi mbili za wabunge na maseneta, tena kwa makosa mazito kama uhaini. Na ni Rais ndiye amiri jeshi. Waziri Mkuu, leo Judith Suminwa Tuluka, anajibu maswali juu ya jeshi ambalo amri zake hazitoki kwake.

Hivyo basi mbunge anayetaka kuuliza kwa nini Goma haikulindwa anamkuta mbele yake mtu ambaye hakuamuru, na aliyeamuru hayupo. Kasoro hiyo ni kubwa, na natamani siku moja irekebishwe. Lakini haimwondolei mbunge sanduku la mafuta. Kwa siku 15 na kwa bajeti hahitaji kumwita Rais. Anahitaji kusema hapana, au ndiyo kwa sharti.

Wengine walivyofanya

Si sisi peke yetu. Kenya iliingiza jeshi Somalia Oktoba 2011, mwaka mmoja baada ya kupata Katiba inayotaka idhini ya Bunge, na wabunge wakapiga kura Desemba juu ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, askari wakiwa ndani ya Somalia tayari. Uganda nayo imezoea mtindo huo: Januari 2014 bunge lake liliridhia majeshi kwenda Sudan Kusini wakati yalikwisha kufika. Idhini inayokuja baada ya risasi ni taarifa tu.

Afrika Kusini ilitupa mfano tofauti kidogo, tena juu ya ardhi yetu. Januari 2025 wanajeshi wake 14 waliuawa karibu na Goma na Sake. Waziri wa ulinzi aliitwa mbele ya wabunge, akabanwa kuhusu vifaa, ndege, na sababu ya vijana wao kuwa huku. Tarehe 13 Machi viongozi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliamua kumaliza kazi ya kikosi chao ambamo askari hao walikuwamo. Uamuzi ulikuwa wa marais, lakini ulifanywa masikio yao yakisikia kelele za bungeni na za mazishi.

Somo kubwa la sanduku la mafuta liko Marekani. Agosti 1964 bunge lake lilimruhusu Rais Johnson kutumia nguvu Vietnam: Baraza la Wawakilishi kura 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Vita vilipochukiza watu, wabunge wengi walisema ni vya rais. Januari 1971 ruhusa ilifutwa. Vita havikusimama, kwa kuwa fedha ziliendelea kutoka. Ilipofika 1973 ndipo bunge lilipokata fedha za mapigano kuanzia Agosti 15, na mabomu ya Marekani yakakoma Kambodia siku hiyohiyo. Kumbe uwezo ulikuwapo miaka yote tisa.

Mheshimiwa akirudi likizo

Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Kindu ni saa saba. Saa hiyo moja ndiyo umbali pekee kati yetu na Palais du Peuple, jengo la Bunge, siku ya kura, maana vikao vikubwa hurushwa redioni. Kila baada ya Juni 15 na Desemba 15 wabunge hurudi majimboni, wengine kwa ngoma na fulana, na ni wajibu wao kutueleza walichofanya. Huwa tunawaomba mabati, mota ya mtumbwi, karo ya mtoto. Sikatazi, shida ni shida. Ila kabla ya mabati, mtu mmoja ashike kipaza sauti na kuuliza haya:

- Mheshimiwa, katika kikao hiki kura za siku 15 zilikuwa ngapi, na wewe ulipiga ngapi za ndiyo?
- Kabla ya kupiga ulisoma ripoti gani? Tusomee ukurasa mmoja.
- Ufunguo mliouacha kwa Serikali wakati wa likizo mlipewa hesabu yake mliporudi?
- Msimamo wa Novemba 2022 bado upo? Kama haupo, uliondolewa lini?
- Mkataba wa amani ukija kuthibitishwa, utataka nini kiandikwe juu ya waliokimbilia Maniema?

Mbunge anaweza kujibu kwamba alipiga ndiyo kila mara, na kutoa sababu zake. Hilo ni jibu la heshima, na mpiga kura atalipima. Anaweza kusema alipiga hapana. Asichoweza tena ni kusema vita ni vya rais, mbele ya watu wanaojua kuhesabu kwa kumi na tano.

Masisi na Rutshuru hawana mbunge waliyemchagua wa kumpokea uwanjani na kumuuliza. Sisi tunaye, na ndege yake inatua hapa.